Malengo ya Mazoezi ya Nguvu kwa Chipukizi wa Kurusha Mkuki: Tuliyojifunza Mufindi

Maandishi haya nayaelekeza kwa mwalimu wa michezo aliyekabidhiwa timu ya riadha bila kuulizwa kama anaijua riadha, na kwa mzazi ambaye mtoto wake amerudi nyumbani akisema amechaguliwa kurusha mkuki. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari ya kutwa wilayani Mufindi, mkoani Iringa, na kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiwaandaa wanafunzi wa umri wa miaka 13 hadi 17 kwa mashindano ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania. Jambo lililotugharimu kuliko yote halikuwa uhaba wa vifaa wala ubovu wa uwanja, bali namna malengo ya mazoezi ya nguvu yalivyopangwa. Lengo likiandikwa vibaya, mtoto mtiifu huumia kwa sababu ya utiifu wake, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Mkuki ulipata umaarufu shuleni kwetu kwa sababu ya Julius Yego. Wanafunzi walikuwa wakipokezana simu kutazama video ya Mkenya huyo akitwaa ubingwa wa dunia jijini Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, na waliposikia kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake aliipata kwa kutazama video mtandaoni, kila mmoja aliona kuwa hata Mufindi inawezekana. Mikuki halisi tulikuwa nayo michache. Iliyobaki tuliitengeneza kwa mianzi, ambayo huku haina shida kupatikana: tunachagua mwanzi mkavu ulionyooka, tunajaza mchanga katika pingili ya mbele, tunaifunga ncha kwa ukanda wa mpira, kisha tunaupeleka dukani ukapimwe kwenye mizani ya sukari mpaka ufike gramu 500 kwa wasichana na gramu 700 kwa wavulana, kwa kuwa huo ndio uzito wa mkuki wa vijana walio chini ya miaka 18. Mkuki wa wanawake watu wazima una gramu 600 na wa wanaume gramu 800. Nimeona mtoto wa miaka 14 akipewa mkuki wa gramu 800 kwa sababu tu ndio uliokuwa stoo, na namsihi kila mwalimu asifanye hivyo; mwanzi uliopimwa vizuri ni bora kuliko chuma kisichomfaa mtoto.

Mpango wetu wa kwanza wa mazoezi ya nguvu ulitoka kwa mkufunzi wa jimu moja mjini, mtu mwenye nia njema aliyezoea kuwafundisha watu wazima wanaotaka kujenga kifua. Alituandikia ukurasa mmoja. Mwezi Februari kila mrushaji anyanyue kilo kadhaa akiwa amelala chali kwenye benchi, Machi aongeze, Aprili aongeze tena, na ifikapo mashindano ya wilaya awe anasukuma uzito unaokaribia ule wa mwili wake. Pembeni kulikuwa na safu nyingine ya mita ambazo mkuki ulipaswa kufika kila mwezi. Ukurasa ule ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo, na watoto waliupenda, kwa kuwa ulikuwa na namba, na mwanafunzi akiona namba anajua anachotakiwa kufanya.

Mrushaji wetu bora wakati huo alikuwa kijana wa Kidato cha Pili, mwenye umri wa miaka 15. Msimu ule alirefuka kiasi kwamba suruali yake ya sare iliishia juu ya vifundo vya miguu. Alitimiza lengo la benchi la kila mwezi, pengine hata kabla ya muda, na mkuki wake ukaanza kwenda mbali kuliko wa wenzake wa Kidato cha Nne. Ilipofika Aprili, mita zikaanza kupungua. Maelezo yaliyozunguka uwanjani yalikuwa kwamba amelegea, na dawa ya kulegea ikaonekana kuwa ni kuongeza uzito na kurusha zaidi.

Aliyeligundua tatizo ni mama yake, mchuma chai ambaye hakuwahi kumwona mwanawe akirusha. Alifika shuleni asubuhi moja ya ukungu, tukasalimiana kwa kamwene, na kabla sijamkaribisha kiti akasema, “Mwalimu, mwanangu siku hizi anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto. Nikimuuliza anasema hakuna kitu. Mimi naona anakuficha wewe, na mimi ananificha.” Tulimwita kijana. Nilimwomba anyooshe mkono wa kulia, nao ukagoma kabla ya kunyooka kabisa, ilhali wa kushoto ulinyooka bila shida. Nilipogusa kwa kidole kile kifundo cha mfupa kilicho upande wa ndani wa kiwiko, alivuta pumzi kati ya meno na machozi yakamlengalenga. Mama alipomuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo, alimjibu akinitazama mimi: “Zilikuwa zimebaki kilo tano, mwalimu. Nilitaka nizimalize kwanza.”

Alipelekwa hospitalini. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kumwona daktari, eksirei ya viwiko vyote viwili ili kimoja kilinganishwe na kingine, dawa na chakula, vyote kwa pamoja vilizidi shilingi laki moja, fedha ambazo familia ilikuwa imeziweka kwa ajili ya sare na viatu vya wadogo zake. Hawakuwa na bima ya afya, na shule haikuwa na fungu la kumtibu mwanamichezo. Walimu tulichangishana tukarudisha sehemu ya gharama, lakini si yote. Nataja fedha hizi kwa sababu mara nyingi tunapozungumzia mazoezi ya watoto tunayahesabu kuwa ni bure, na hatuwaelezi wazazi mapema nani atalipa mtoto akiumia. Swali hilo liulizwe siku ya kwanza, kwenye kikao cha wazazi, na jibu liandikwe.

Daktari alieleza kwamba mfupa haukuvunjika, ila ile gegedu, yaani sehemu laini ambako mfupa wa kiwiko bado unakua, ilikuwa imevutwa mara nyingi mno hadi ikaanza kuachana na mfupa. Aliagiza kijana asirushe kitu chochote kwa miezi mitatu, hata jiwe la kufukuzia ndege shambani. Kisha akaniambia kwamba Marekani maradhi haya yamepewa jina la ligi ya watoto ya besiboli, kwa sababu huko ndiko yanakoonekana sana, na kwamba nikitaka kuelewa mkono wa mtoto anayerusha basi nisome yaliyoandikwa juu ya warushaji chipukizi wa mchezo huo.

Sijawahi kuona besiboli ikichezwa uwanjani, lakini nilimsikiliza. Mrushaji wa besiboli hutupa mpira wenye gramu 142 hadi 149 kuelekea kwa mpigaji aliye umbali wa mita 18.44, ambayo ni kazi tofauti na kurusha mkuki. Hata hivyo kiwiko chake huvutwa mahali pale pale panapovutwa kiwiko cha mrusha mkuki. Tena jeraha la kano ya ndani ya kiwiko lilielezwa kwanza kwa warusha mkuki, na daktari wa Finland aitwaye Waris, mwaka 1946. Miaka 28 baadaye, mwaka 1974, Dkt. Frank Jobe alimfanyia upasuaji mrushaji wa besiboli Tommy John kwa kuchukua kano kutoka mkono wake mwingine na kuifunga kwenye kiwiko kilichoharibika, naye John akarudi uwanjani na kucheza hadi mwaka 1989. Upasuaji huo leo unaitwa kwa jina lake, na Marekani hufanyiwa hata wanafunzi wa sekondari. Sisi hatuna uwezo wa kuwalipia watoto wetu upasuaji wa namna hiyo, kwa hiyo kinga kwetu ni jambo la lazima kuliko hata kwa wao.

Kilichonishtua zaidi ni utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliowalinganisha vijana warushaji waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuumia. Aliyezoea kurusha huku mkono ukiwa umechoka alikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa miongoni mwa waliopasuliwa. Nilirudi kwenye ukurasa wa mkufunzi wa jimu nikautazama upya. Haukuwa na mstari hata mmoja unaozungumzia uchovu.

Baada ya kusoma nilielewa pia kilichotokea ndani ya mkono wa kijana yule. Katika miaka ya kubalehe mifupa hurefuka upesi, na gegedu ya ukuaji ni dhaifu kuliko misuli na kano zinazojishikiza hapo. Nguvu ya kurusha haitoki kwenye mkono. Huanzia ardhini, ikapanda kwenye mapaja na nyonga, ikapita kiunoni na kifuani, na mkono huipokea mwishoni kabisa. Mguu wa mbele ukikita imara na kubaki umenyooka, mwili hupita juu yake na mkuki huondoka kama wenyewe. Mguu huo ukilegea, kazi yote iliyopaswa kufanywa na mwili huangukia begani na kiwikoni. Kwa hiyo kumjengea mtoto kifua huku miguu, kiuno na misuli ya nyuma ya bega ikiachwa ni sawa na kulifunga guta injini ya pikipiki na kuliachia breki zake za zamani kwenye mteremko wa Kitonga. Misuli ya nyuma ya bega na ile inayoshika mfupa wa bega ndiyo inayousimamisha mkono baada ya mkuki kuondoka, na katika mpango wetu wa awali hakukuwa na zoezi hata moja kwa ajili yake.

Tulipoandika malengo mapya, tulianza na sharti moja ambalo naliamini kuliko mengine yote: mtoto aweze kulitimiza lengo bila kumdanganya mtu. Lengo la kilo za kila mwezi linamlazimisha kuchagua kati ya kusema ukweli na kufaulu, na mtoto wa miaka 15 anayetaka kumpendeza mwalimu wake atachagua kufaulu. Lengo la mita nalo halimo mikononi mwake, kwa sababu mita hutegemea upepo, matope, usingizi na urefu alioongezeka mwezi uliopita. Mita tunazipima na kuziandika, lakini hazibandikwi ukutani wala hazimpi mtu adhabu.

Lengo la kwanza la kila mrushaji sasa ni namna ya kujongea. Anachuchumaa akiwa ameshika mti wa ufagio juu ya kichwa, mikono imenyooka, visigino havinyanyuki na magoti hayaangukii ndani. Binti mmoja wa Kidato cha Kwanza, mwenye nguvu ya kupandisha ndoo ya lita 20 kutoka mtoni bila kupumzika, hakuweza kulifanya zoezi hili. Kila alipofika chini visigino vilipaa na ufagio ukaanguka mbele. Tulimwekea chini ya visigino kipande cha ubao chenye unene wa vidole viwili, na lengo lake la muhula likawa kuuondoa ubao ule. Baada ya wiki kadhaa aliubadilisha kwa kaunta buku, kisha kwa daftari la kawaida, na karibu na likizo ya Juni akachuchumaa akiwa amekanyaga udongo mtupu. Wenzake walimpigia makofi kwa dhati, kwa sababu wote walikuwa wameiona ile safari ya kutoka kwenye ubao hadi kwenye udongo. Hakuwa amenyanyua hata kilo moja, ila mkuki wake ulikuwa umeanza kunyooka angani.

Uzito unafuata baada ya hapo, na hatuununui. Tunatumia dumu la lita 10 lililochorwa mistari ya kila nusu lita kwa kalamu isiyofutika. Mtoto huanza na lita tano za maji, yaani kilo tano, akilikumbatia kifuani anapochuchumaa au kupanda ngazi ya darasa kwa mguu mmoja mmoja. Akiweza kurudia mara 15 kwa usafi, katika mizunguko miwili au mitatu, siku mbili tofauti, ndipo huongezewa nusu lita. Nusu lita ni asilimia 10 ya lita tano, na kwa watoto ongezeko linaloshauriwa kwa hatua moja ni asilimia 5 hadi 10. Maji yana faida nyingine ambayo sikuitarajia: yakicheza ndani ya dumu, mtoto mwenyewe anasikia kuwa amekosa utulivu, nami sihitaji kumkaripia. Mazoezi haya hufanyika Jumatatu na Alhamisi tu, ili kati yake mwili upate kujijenga. Kupima uzito wa juu kabisa ambao mtoto anaweza kuunyanyua mara moja tumeliacha moja kwa moja. Halina faida kwake katika umri huu.

Kwa bega tunatumia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule ambao watu hufungia mizigo, uliofungwa kwenye nguzo ya goli. Mtoto anavuta viwiko nyuma mpaka mifupa ya bega ikaribiane, au anabana kiwiko ubavuni na kuupeleka mkono nje, kisha anaurudisha polepole huku akihesabu hadi tatu. Kurudisha polepole ndiko kunakofundisha misuli kusimamisha mkono. Kwa kila zoezi moja la kusukuma, kama pushapu, wanafanya mawili ya kuvuta. Kwa kiuno tuna mpira mkuukuu wa miguu uliojazwa mchanga na kushonwa, wenye kilo mbili hivi, ambao wanautupa kwa mikono miwili kutoka ubavuni kwenda kwenye ukuta wa stoo, upande wa kulia na wa kushoto sawasawa. Kichurachura tumekipunguza sana, kwa kuwa hapa kwetu ni adhabu na watoto hukifanya kwa hasira na kwa magoti yaliyochoka. Badala yake wanaruka mbele mara chache na kutua kwa mguu mmoja, na lengo ni kutua bila kishindo na kutulia mpaka mwenzake ahesabu hadi tatu.

Kuhesabu mirusho ndilo jambo tulilolichukua kwa warushaji wa besiboli karibu lilivyo. Mwaka 2014 chama cha besiboli cha Marekani na ligi kuu ya nchi hiyo vilitoa mwongozo wa pamoja: kijana wa miaka 15 au 16 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na akirusha 76 au zaidi apumzike siku nne. Namba hizo ni za mpira mwepesi na hazihamishiki kwenye mkuki, na mwalimu asizinakili. Tulichochukua ni desturi ya kuwa na kikomo kabla ya kuanza na mapumziko baada ya kumaliza. Sisi tumejiwekea mirusho isiyozidi 20 ya mbio kamili, siku mbili kwa wiki, na mingine michache ya kusimama kwa ajili ya ufundi. Mwanafunzi mmoja hukaa pembeni na daftari akipiga mstari kwa kila mrusho, wa kweli na wa majaribio, kwa sababu kiwiko hakitofautishi. Mkono ukionekana kushuka, au mtoto akianza kuinamia pembeni ili apate nguvu, siku imeisha hata kama hesabu haijafika kikomo.

Mwongozo huo pia unashauri kijana asirushe kwa jumla ya miezi minne katika mwaka, na angalau miwili au mitatu kati ya hiyo ifuatane. Kwetu jambo hili limekaa vizuri na kalenda. UMISSETA ikiisha mwezi Juni, mikuki inafungiwa stoo hadi Oktoba, na miezi ile ya baridi kali tunaitumia kwa miguu, kiuno na mpira wa baiskeli.

Hapa sina budi kutaja jambo ambalo miongozo ya ughaibuni hailizungumzii. Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini ana mazoezi mengine ya nguvu nyumbani. Mvua zikianza Novemba analima kwa jembe la mkono, Januari anapalilia, na wakati wa mavuno anabeba viroba vya viazi na mahindi, mbali na kupasua kuni na kuchota maji. Nilipoanza kuwauliza Jumatatu asubuhi walichofanya mwishoni mwa wiki, nilielewa kwa nini baadhi yao walikuja mabega yakiwa yamekufa kabla hata ya kugusa dumu. Sasa kila daftari la malengo lina safu ya kazi za nyumbani, na aliyelima Jumamosi nzima hafanyi zoezi la mkono Jumatatu. Kazi ile imehesabiwa. Vivyo hivyo kwa michezo mingine. Mrushaji aliye pia mpigaji wa voliboli au mchezaji wa mpira wa mikono anatumia bega lile lile, na walimu wa timu zote inabidi waandike kwenye daftari moja. Marekani wanaonya kwamba mrushaji wa besiboli asiwe pia mdakaji katika mechi hiyo hiyo, kwa sababu mdakaji naye hurusha sana. Ni hoja ile ile.

Kila mwanzo wa mwezi tunapima pia urefu, kwa alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango wa ofisi. Mtoto anayerefuka kwa kasi tunamsimamishia malengo ya uzito kwa muda na kumrudisha kwenye ufagio, kwa kuwa mwili uliobadilika urefu unahitaji kujifunza upya hata kukimbia. Mwanzoni baadhi yao waliona ni kushushwa daraja. Tuliwaeleza kwamba alama ile ya mlangoni ndiyo sababu, na kwamba itampata kila mmoja kwa zamu yake.

Lengo gumu kuliko yote limekuwa la kusema maumivu. Tunawalea watoto wetu kuvumilia, na kuvumilia ni jambo jema shambani na kwenye safari ndefu ya shule, ila kwenye gegedu ya kiwiko halisaidii. Kuuliza “Kuna anayeumwa?” mbele ya kundi hakuleti jibu. Kinachofanya kazi ni kumuuliza mmoja mmoja, wakati wa kupasha mwili moto, aonyeshe kwa kidole mahali alipochoka. Uchovu wa misuli huonyeshwa kwa kiganja kizima. Maumivu ya kiungo huonyeshwa kwa ncha ya kidole, na anayeonyesha kwa ncha ya kidole harushi siku hiyo. Kusema mapema kunaandikwa kwenye daftari kama lengo lililotimizwa, sawa na kuongeza nusu lita.

Wazazi nao wana hofu zao, na wana haki. Baba mmoja aliniambia kuwa vyuma vitamdumaza mwanawe, na mama mwingine alihofia binti yake atapata mwili wa kiume. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinaeleza kuwa mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vizuri ni salama na hayamzuii mtoto kukua. Na kwa wasichana nguvu huongezeka zaidi kwa mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli kuliko kwa misuli kunenepa. Kinachodumaza ni njaa. Mtoto anayetoka nyumbani bila kunywa hata uji, akasubiri makande ya mchana, kisha akatakiwa kufanya mazoezi saa kumi jioni, hana kitu cha kujengea mwili, kwa hiyo nimekuwa nikiwaomba wazazi waongeze uji asubuhi, na dagaa, maharage, maziwa au yai kadiri ya uwezo. Siku ambazo mtoto hajala, mazoezi ya nguvu hayafanyiki.

Kijana yule alipona. Miezi mitatu ilipokwisha alianza kwa kutupa mwanzi mwepesi umbali wa hatua chache, na ilichukua muda mrefu zaidi kumwondolea woga kuliko kumwondolea maumivu. Msimu uliofuata alirudi kwenye timu na mkuki wa gramu 700, akafika ngazi ya mkoa, na ndiye anayewaonyesha wadogo zake wa Kidato cha Kwanza namna ya kurudisha mpira wa baiskeli polepole.

Kinachotusumbua bado ni kambi za wilaya na mkoa, ambako watoto kutoka shule mbalimbali hukusanywa kwa siku chache kabla ya mashindano na kila kocha anataka kuona mkono wa kila mmoja, kwa hiyo kikomo cha mwezi mzima kinaweza kuisha kwa wiki moja. Tumeamua kwamba mrushaji wetu haendi kambini bila karatasi yenye saini ya mzazi na ya mkuu wa shule. Ina umri wake, urefu alioongezeka tangu Januari, uzito wa mkuki anaourusha, idadi ya mirusho aliyoizoea kwa siku, siku ya mwisho aliyorusha kwa mbio kamili, mahali alipowahi kuumia, na namba ya simu ya mzazi. Mtoto anaikabidhi mwenyewe kwa kocha siku anayofika. Wapo makocha walioikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Wapo pia waliompigia mzazi simu jioni ile ile kuuliza zaidi, na msimu uliopita mmoja wao aliniomba nakala tupu ili awape warushaji wote wa kambi yake, nikamtumia kwa basi la kesho yake asubuhi.